Kobu ishirini na saba: uchambuzi wa kisa cha mawindo ya kwanza

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha kijana aliyepelekwa na babu yake na mjomba wake kuwinda kobu, aina ya swala, kwa mara ya kwanza. Kilitokea kwenye uwanda wa nyasi magharibi mwa Uganda, upande ambao gulio linaendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu wachuuzi wengi wanavuka kutoka Kongo. Jina la kijiji, la ukoo na la hifadhi iliyo jirani nimeyaondoa, na umri wa watu nimeugeuza kidogo. Hesabu ya wanyama sikuigusa, maana hiyo ndiyo kisa chenyewe. Familia ilisomewa maandishi haya ikayakubali, isipokuwa sentensi mbili ambazo Babu aliomba nizitoe. Nimezitoa.

Mimi ni mhamasishaji wa jamii. Sikuwapo siku ya mawindo. Niliitwa siku ya pili kwa simu ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mambo yakiwa yameshaharibika. Ninayoyaeleza nimeyapata kwa kijana, kwa Babu, kwa mama, kwa jirani aliyekuwapo, na baadaye kwa mjomba mwenyewe alipotoka. Walipopishana nitasema.

Usuli

Kijana alikuwa na miaka 15. Alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa Novemba na alikuwa nyumbani likizo ile ndefu akingoja kuingia Senior One, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari. Anaishi na mama yake kwa Babu mzaa mama. Mama ana ng'ombe wawili walio wake kabisa, na mmoja alikuwa amewekwa kwa ajili ya karo ya bweni. Mjomba, mdogo wake mama, anaendesha bodaboda mjini na anakuja kijijini anapotaka.

Babu aliwahi kuwa askari, na Kiswahili cha nyumba ile kinatoka kwake: kifupi, cha amri, hakina "tafadhali". Kabla ya jeshi alikuwa mwindaji kama baba yake. Ukoo wake una mwiko wa pongo, kwa hiyo mnyama huyo hamgusi, hamli, wala hapendi kumwona amekufa. Kobu ndiye mnyama aliyemjua tangu utoto.

Kobu ni yule swala mwekundu anayesimama kwenye nembo ya taifa akitazamana na korongo. Dume ana pembe, jike hana, na jike huzaa ndama mmoja tu baada ya kubeba mimba kwa takriban miezi minane. Tabia yake moja inahitaji maelezo, kwa kuwa bila hiyo mtu hataelewa maamuzi ya Babu. Penye kobu wengi, madume hukusanyika mahali pamoja pa nyasi fupi zilizokanyagwa, kila dume akishika kiwanja chake kidogo ambacho mtu anakivuka kwa hatua ishirini au thelathini. Humo hupiga miluzi, hutishana, hupigana. Majike huja wenyewe kuchagua, na mara nyingi huwapita wa pembeni wakaenda kwa wachache wa katikati. Mtafiti Mmarekani Helmut Buechner aliyachunguza haya kwa kobu wa Toro, magharibi mwa Uganda, miaka ya 1950 na kuyaeleza kwa wataalamu. Wachungaji wa huku walikuwa wanayajua tangu zamani na hawakuona la ajabu. Kobu wakipungua sana viwanja hivyo hufifia: madume hutawanyika, kila mmoja akakaa peke yake kwenye nyasi zake.

Walivyopungua huku si siri. Miaka ya vurugu, na hasa vita vya 1979 na vilivyofuata, bunduki zilikuwa nyingi na nyama ilikuwa chakula cha wanajeshi. Baada ya hapo watu waliongezeka, malisho yakajaa ng'ombe, na tanzi la waya likachukua nafasi ya mkuki. Waya haugharimu kitu. Unachoma tairi kuukuu, unabaki na nyuzi za chuma.

Yaliyotokea

Katikati ya Desemba Babu alitangaza kwamba atakwenda na mjukuu wake kuwinda. Hoja yake ilikuwa ya umri: kijana anakwenda bweni, akirudi atakuwa mgeni wa nyasi. Alitaka amfundishe mara moja tu, kobu mmoja, dume, kwa mkuki na wavu, kama yeye alivyofundishwa. Mjomba alipopata habari alikuja na pikipiki siku hiyo hiyo. Yeye alileta hoja ya karo: nyama pori mjini inanunuliwa haraka kuliko ya mbuzi. Mama aliambiwa wanakwenda kutazama ng'ombe.

Walitoka kabla ya alfajiri: Babu, mjomba, kijana, jirani mmoja mwenye wavu, na mbwa watatu wenye njuga zilizozibwa kwa majani zisilie. Kijana anasema alichokumbuka zaidi ni baridi ya umande kwenye magoti, na mjomba akimwambia asitembee kama mwanafunzi.

Kulipopambazuka walifika mahali ambapo Babu alikuwa na hakika nako. Palikuwa na nyasi ndefu. Babu alisimama kitambo. Akazunguka kichuguu, akarudi, akasema hapa ndipo, akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo zamani ardhi ilikuwa wazi kama uwanja wa mpira kwa kwato za madume. Kobu wenyewe waliwaona mbele zaidi, karibu na bonde la maji.

Mjomba alitaka mbwa wafunguliwe pale pale. Babu akakataa, akamgeukia kijana.

"Hesabu."

"Nihesabu nini, Babu?"

"Wote. Halafu wenye pembe. Halafu watoto."

Kijana alihesabu mara tatu, maana walikuwa wakisogea. Akapata 27: madume matatu, majike kumi na saba, ndama na vijana saba. Babu akamwambia arudie madume. Matatu. Yamesimama mbalimbali, hayapigiani hata mluzi.

Hapo Babu alisema warudi nyumbani.

Ubishi uliofuata ulichukua, kwa maelezo ya jirani, muda wa kumaliza sigara mbili. Mjomba alisema ishirini na saba ni kundi zuri, tangu utoto wake hajaona kubwa kuliko hilo. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema nyumbani: kuna mtu mjini ameshampa pesa ya kwanza, na pesa ameshaitia mafuta. Babu alikasirika, lakini hakutaka kumwaibisha mwanawe mbele ya jirani. Wakakubaliana nusu njia: dume moja, lile lililo mbali na majike, kwa wavu, na mbwa wabaki wamefungwa.

Wavu ulitandazwa. Kijana aliwekwa ubavuni, karibu na kichaka cha miiba, awe wa kupiga kelele tu. Dume halikuja upande wao hata kidogo, liliruka likapotea. Wakiwa wanakunja wavu, kijana akasikia mlio nyuma ya kichaka. Jike, mguu wa nyuma umenaswa kwenye waya uliofungwa kwenye gogo. Alikuwa amehangaika mpaka mfupa ukaonekana.

Waya ulikuwa wa mjomba. Alikuwa ametega waya kumi na minne siku tatu nyuma, bila kumwambia mtu. Alipofika alimpa kijana mkuki akamwambia amalize, hii ndiyo siku yake. Kijana anasema mikono ilikataa. Mjomba anasema kijana alilia. Kijana anasema hakulia. Wote wanakubaliana kwamba aliuweka mkuki chini akakimbia kumwita Babu.

Babu aliutazama mguu, akaona hautapona, akammaliza jike yeye mwenyewe kwa pigo moja. Alipompasua akakuta ndama tumboni, tayari ana manyoya. Alimwambia kijana achimbe shimo, na hilo kijana alilifanya. Nyama akaamuru igawanywe kwa nyumba nne za jirani, isiuzwe hata kipande.

Usiku mjomba alichukua mapaja mawili akaondoka nayo mjini. Alisimamishwa njiani na askari wa wanyamapori, gunia likafunguliwa. Asubuhi walikuja kijijini kuuliza nani mwingine alikuwepo.

Maamuzi na sababu zake

Siku hiyo ya pili jirani alishauri kijana apelekwe kwa shangazi yake ng'ambo ya mto, mambo yapoe. Mama aliunga mkono. Babu alikataa, na huu ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote. Alimchukua kijana kwa mkono mpaka kwa mwenyekiti wa LC1, akaeleza kila kitu: nani alikuwepo, waya ni wa nani, nyama imelala kwenye nyumba zipi. Sababu aliyonipa ni ya kijeshi: anayekimbia ndiye anayetafutwa.

Mwenyekiti naye alifanya vizuri. Kabla ya kwenda kituoni alimpigia simu ofisa wa ustawi wa watoto, halafu akanipigia mimi. Kwa sheria ya watoto ya Uganda, mtu wa miaka 12 na zaidi anaweza kushtakiwa, lakini aliye chini ya 18 ana njia yake: polisi wana uwezo wa kumwonya na kumwachia bila kesi, na ikifika mahakamani anapelekwa mahakama ya familia na watoto. Kijana aliandika maelezo mama na ofisa wa ustawi wakiwa wamekaa kando yake. Alionywa, akaachiwa jioni ile ile. Babu alionywa pia, kwa maneno makali zaidi, na umri ulimsaidia.

Mbele yetu sote Babu aliuliza swali moja ambalo lilionyesha tatizo lilipoanzia: "Lakini afande, sisi hatukuvuka mbao za hifadhi. Ile ni malisho yetu." Ni kweli, hawakuvuka. Ila kwa sheria ya wanyamapori mnyama wa mwituni ni dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi, awe ndani ya hifadhi au anakula kwenye shamba lako. Kumwinda bila kibali ni kosa popote. Sheria ya mwaka 2019 ilizidisha ukali: kwa wanyama walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, adhabu inafika kifungo cha maisha. Kobu hayumo kwenye kundi hilo, na hilo ndilo lililomwokoa mjomba na makubwa zaidi.

Matokeo

Mjomba alikiri kosa, akapigwa faini. Asiyeweza kulipa afungwe. Familia haikuwa na pesa. Aliuzwa ng'ombe wa mama, yule wa karo. Kijana hakwenda bweni. Alianza Senior One shule ya kutwa, kilomita saba kwa miguu, na baiskeli ilipatikana muhula wa pili. Mawindo yaliyotetewa kwa jina la karo yakaila karo.

Kati ya waya kumi na mitatu iliyobaki, Babu na kijana waliwaonyesha askari kumi na miwili. Mmoja ulikuwa umeshika mbwa wa watu, mzima. Mmoja hawakuupata.

Uchambuzi

Kosa la kwanza la kulisema ni letu wahamasishaji. Miezi mitano kabla, nilikuwa nimezungumza katika shule ya kijana huyu. Nilibandika picha ya tembo, nikasema uwindaji haramu ni mbaya, watoto wakapiga makofi. Sikutaja kobu, sikutaja mbwa, sikutaja nyama inayochemka jikoni kwa mtoto aliye mbele yangu. Kijana alipoulizwa kituoni kama hakuwahi kufundishwa, alijibu kwa dhati kabisa kwamba alifundishwa kuhusu tembo. Huku tembo hawapo.

Kosa la pili ni kuchukulia kwamba palikuwa na mawindo mamoja. Yalikuwa mawili chini ya jina moja. Ya Babu yalikuwa na kikomo: mnyama mmoja, dume, mkuki unaohitaji usogee karibu, nyama ya kugawana. Ya mjomba hayakuwa na kikomo, kwa sababu mteja wa mjini hashibi. Waya hauchagui dume wala jike, na haulali mwindaji akilala. Babu aliamini anaongoza mawindo, kumbe mawindo ya kweli yalishaanza siku tatu kabla yake. Ninapokaa na familia nyingine sasa, swali langu la kwanza ni nani ameahidiwa nyama. Jibu la swali hilo limenifunulia mengi kuliko kuuliza kama wanawinda.

Nikiri kwamba kanuni za Babu zilikuwa na akili. Kwa mnyama ambaye madume machache hupanda majike wengi, kuondoa dume moja la pembeni hakupunguzi ndama wa mwakani, ilhali kuua jike mwenye mimba ni kuua wawili. Lakini kanuni ile ilitungwa penye viwanja vilivyojaa, ambapo dume likianguka asubuhi, lingine linachukua nafasi yake haraka. Penye madume matatu hakuna wa pembeni. Babu aliliona hilo kwa macho yake, akasema warudi, halafu akakubali nusu njia kwa ajili ya heshima ya mwanawe. Nilimuuliza kama anajuta kuhusu jike. Akasema anajuta kuhusu ile nusu njia.

La tatu linahitaji muda kidogo, maana ndilo nililojifunza upya. Watu watatu wa damu moja walitazama kundi lile lile na kuona vitu vitatu. Babu aliona kaburi: utotoni mwake, anasema, walikuwa wanapita kati ya kobu kama unavyopita kati ya ng'ombe, wakiwafukuza kwa fimbo. Mjomba aliyekua baada ya vita aliona kundi kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Kijana aliona kobu 27, basi. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alipima kwa utoto wake, na kila kizazi kinaanza kuhesabu pale ambapo kilichotangulia kiliachia, kwa hiyo upungufu unakuwa hauonekani ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mjomba si mtu mbaya kuliko wengine. Alikuwa na kipimo kifupi. Ndiyo sababu naona lile neno "hesabu" lilikuwa tendo bora la siku nzima, ingawa halikuzuia kitu: liliwalazimisha wote wasimame kwenye namba moja kabla ya kubishana.

Mama hakuulizwa. Nimeona hili katika kisa baada ya kisa: mawindo ni mambo ya wanaume mpaka faini inapokuja, hapo ng'ombe wa mwanamke ndiye wa karibu. Aliniambia bila hasira, akichambua maharage: "Ningeulizwa ningekataa. Ndiyo maana sikuulizwa."

Lipo pia swali ambalo kijana aliniuliza na jibu langu halikumridhisha. Alikuwa amesikia kwamba wapo wageni wanaolipa wakawinda kihalali Uganda. Ni kweli: uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba yanayozunguka Ziwa Mburo, kwa idadi iliyopangwa na ada ambayo sehemu yake inaenda kwa jamii. Nilimweleza kuhusu vibali, na kuhusu asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi inayorudi kwa majirani wa hifadhi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama Babu naye anaweza kupata kibali cha kobu mmoja. Mlango upo kisheria, haki za matumizi ya wanyamapori zimeandikwa. Lakini katika kazi yangu sijakutana na familia ya wafugaji iliyoupita mlango huo. Kumwambia vinginevyo kungekuwa kumdanganya. Anayefundisha kisa hiki kwa vijana ajiandae kwa swali hilo, maana litakuja.

Kuhusu kumpa mtoto mkuki amalize mnyama aliyevunjika mguu, mjomba alidhani anampa heshima. Kijana aliota ndoto mbaya kwa wiki kadhaa, na mpaka leo hapendi kuzungumzia shimo alilochimba. Hapa nampongeza kwa kukimbia. Nyumbani walimcheka kidogo mwanzoni; Babu akawakataza.

Hali ilivyo sasa

Mjomba amerudi kwenye bodaboda. Hajaja kijijini tangu Pasaka, na kati yake na dada yake hakuna salamu.

Jioni moja kijana alimuuliza Babu kwa nini nyumba ile isiwe na mwiko wa kobu kama ilivyo na mwiko wa pongo. Babu alimjibu kwamba mwiko hautungwi na mtoto wa shule. Baada ya siku mbili akawaambia wajukuu wote wasikanyage upande wa lile bonde na mbwa. Neno mwiko hakulitumia.

Babu na kijana wanakwenda kule bondeni wawili tu, mwisho wa mwezi, bila mkuki, kuhesabu kobu. Kijana ana daftari la mazoezi ya hisabati ambalo kurasa zake za nyuma zina hesabu nne hadi sasa: 24, 22, 25, 29. Hii ya mwisho ina madume manne. Babu anabisha; anasema mmoja wao ni kijana tu, pembe hazijapinda, hawezi kuhesabiwa na wakubwa.